Ngazi ya Tisa

Umeme ukirudi saa saba usiku, kama mlevi asiyebisha hodi,
mimi huamka kabla balbu haijatulia.
Nina mega hamsini. Nimezinunua kwa pesa ya sambaza
(mama anadhani paka kala nusu ya fungu).
Mega hamsini ni makoti manne, au viatu kumi,
au mwanamke mmoja anayetembea, akageuka, akarudi,
nikimwacha ageuke.
Simwachi. Namsimamisha pale pale, goti limeinuka nusu,
nasoma pindo.

Ninazo kurasa tatu, nazipenda kama watu wa ukoo.
Ya kwanza ni ya mabibi waliovaa rangi ya mchanga, hawacheki kamwe.
Niliuliza kwa nini. Yaya Nsimire akasema:
"Wewe ungevaa viatu vile, ungecheka?"
Ya pili inatoka Dakar, mabega mapana kama mlango wa kanisa,
na bluu, bluu inayopiga kelele.
Ya tatu siitaji. Hata mganga ana kibuyu asichokifungua mbele ya wageni.

Humo ndimo nilimoliona koti.
Rangi ya chai isiyo na maziwa. Kola ya kusimama.
Na kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia
mshono mmoja, mwembamba, umepinda kidogo penye moyo
kama njia ya miguu inavyopinda kukwepa kaburi.
Bei yake nilidhani ni namba ya simu.

Nikashuka Kadutu alfajiri ya balo mpya.
Chaguwa haichaguliwi kwa macho:
nilifumba, nikapapasa, nailoni, nailoni, sufu ya uongo, nailoni,
mpaka vidole vikagusa pazia la hoteli fulani iliyofilisika mbali,
zito, rangi ya chai.
"Elfu sita."
"Tatu."
"Hilo si pazia, mwanangu, hilo ni serikali."
"Ndiyo maana lina matundu."
Akacheka. Nne.

Fundi Cirhuza aliniachia cherehani baada ya misa ya jioni.
Ule mshono niliufumua mara tano.
Kitambaa hakikutaki kupinda penye moyo,
kilitaka kunyooka kama amri.
Nilikibembeleza kwa pasi ya makaa, kwa mate,
kwa jina la marehemu bibi aliyeshona sare za watawa
na hakuvaa hata moja.
Mara ya sita kikakubali. Jogoo wa jirani alikuwa ameshawika,
na kidole changu kimetoboka mara mbili.

Jumapili nikapanda Nyawera nimelivaa.
Mvua ilikuwa imepita, matope yalinishika visigino,
nayo ziwa, huko chini, likawa limekaa kimya kama mtu anayetazama.
Kijana wa pikipiki akazima injini.
Msichana mwenye beseni la mikate kichwani akaniambia: "Geuka."
Nikageuka.
"Tena."

Kisha akaja binamu Ciragane na simu yake mpya,
kioo kizima, kinang'aa kama kipara cha padri.
"Nionyeshe lilikotoka."
Likatokea: kubwa, angavu, rangi ile ile, kola ile ile,
na kifua kitupu.
Nikavuta kwa vidole viwili. Kitupu.
Hakuna njia. Hakuna pa kupindia.

Nikatoa simu yangu, nikaziweka ubavu kwa ubavu mezani.
Bega la kushoto. Nyonga ya kulia.
Ule ufa ulioingia mwezi wa tatu
simu iliponiponyoka kwenye ngazi, nikalia mpaka nikapata kwikwi.

"Usipoziba ufa," akaanza Yaya Nsimire,
akaziba mdomo wake, hakumaliza, mabega yakimtikisika.

Leo Mama Nankafu ameleta kitambaa cha harusi ya mdogo wake.
Anataka koti. "Na ile njia," akaichora kwa kidole juu ya kifua chake,
polepole, akapinda palipostahili.
"Uliipata wapi, Ulaya?"
Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitema moja moja.
Kadutu, nikamwambia.
Ngazi ya tisa, ukihesabu kutoka chini.